Jiwe Lisilopewa Jina

Dereva alikiri kwa mara ya pili kabla Inspekta hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Andika tu, afande. Mimi ndiye niliyemuua. Nilimpitia na gari."

Inspekta aliweka kikombe cha chai mezani, kisha akakumbuka kwamba hawezi kuinywa. Asubuhi hiyo alikuwa ameng'olewa gego, na nusu ya uso wake ilikuwa imekufa ganzi kuanzia sikioni hadi kidevuni. Alipojaribu funda la kwanza pale kaunta, chai yote iliishia kwenye tai, na askari wa zamu akageukia ukutani akajifanya anasoma kalenda.

"Ulimwona wakati unampitia?" aliuliza kwa ule upande wa mdomo uliobaki.

"Sikumwona. Sisi hatuoni. Ndiyo kazi yenyewe."

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, hana viatu wala mkanda, kama mahabusu wote. Taasisi nzima alikofanya kazi ilimwita Dereva, ingawa hakuwahi kushika usukani wa gari la barabarani wala kuomba leseni. Gari lake lilikuwa moja tu: mashine ya magurudumu sita, kubwa kama meza ya jikoni, iliyotengenezwa ipelekwe sayari nyingine, ikatembee kwenye mabonde na miinuko ya huko, ichimbe udongo na kuupima yenyewe. Waliiita Kobe. Safari ilikuwa bado. Kwa sasa walikuwa wanaipanga, na kupanga kwao kulikuwa kufanya mazoezi ndani ya ukumbi mkubwa uliojazwa mchanga.

Jana yake lilifanyika zoezi kubwa. Lilipokwisha na pazia la dirisha la ukumbi kufunguliwa, mtaalamu wao wa udongo alikutwa amelala karibu na mlango wa ukumbi, amekufa, na alama za magurudumu zimepita si mbali na kichwa chake. Jioni hiyohiyo Dereva alikuja kituoni kwa miguu yake mwenyewe. Mkubwa wa kituo hakuhitaji zaidi ya hapo. Alimwagiza Inspekta achukue maelezo, yasainiwe, na kesho mwanamke afikishwe mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Nje, kwenye benchi, mama yake Dereva alikuwa amekaa na mfuko wa nguo safi mapajani.

"Nieleze kama unamweleza mtu aliyekimbia shule," Inspekta alisema.

"Huko Kobe atakakokwenda ni mbali mno. Ukimtumia amri inachukua muda kumfikia, na jibu lake hivyohivyo. Kwa hiyo hatumwendeshi kama gari. Anatuma picha, tunapanga, tunampa maagizo ya mwendo mzima, halafu tunasubiri. Tunakunywa chai. Akimaliza anatuma picha nyingine. Kwenye mazoezi tunafanya vilevile. Dirisha la kutazama ukumbini tunalifunika pazia, mlango wa chumba chetu unafungwa, na hakuna ruhusa ya kuchungulia. Ukichungulia umeharibu zoezi zima, tunaanza upya."

"Lakini picha mlizipata."

"Mimi sizipati. Jana tulijifanya mawasiliano ni mabaya. Picha zinamfikia Mchora Ramani peke yake. Anachora kilichomo, mawe, mashimo, mteremko, anatupa ramani. Mimi nafuata ramani."

"Na ramani haikuonyesha mtu."

"Nani angetegemea mtu?" Alitazama vidole vya miguu yake. "Bwana Udongo ndiye anayetupangia ukumbi. Anaficha mitego mchangani, akimaliza anakwenda zake nyumbani. Haruhusiwi kukaa na sisi, si angetuvujishia mtihani? Tulijua ameshaondoka. Atakuwa alirudi kuchukua kitu. Nikamgonga na mkono wa kuchimbia, akaanguka. Nipe karatasi nisaini, afande, mama yangu asikae pale kutwa."

Alisema yote kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Hakulia. Inspekta naye hakuhisi lolote, akailaumu sindano ya daktari wa meno.

"Kobe ana kasi gani?"

"Mtoto anayetambaa anamwacha."

"Basi mtu mzima alishindwaje kumkwepa?"

Dereva aliurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha kupokea karatasi.

Inspekta alikunja karatasi ya maelezo ikiwa haina sahihi, akaitia mfukoni. "Usisaini kitu cha mtu yeyote mpaka nirudi. Hata Mkubwa akikubembeleza."

Njiani kuelekea taasisi alimpigia simu daktari wa chumba cha maiti. Daktari alidhani anaongea na mlevi, ikabidi aanze kwa habari za jino.

"Pole. Sasa sikiliza. Pigo ni moja, kisogoni. Ndani ya kidonda kuna kokoto za kijivu. Hakuna alama ya gurudumu wala ya chuma mwili mzima."

"Alikufa palepale?"

"Hapana. Damu ilivujia ndani ya fuvu polepole. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa saa kadhaa. Sauti inapotea, miguu haimbebi, lakini yupo. Magoti yamechubuka, na viwiko. Mchanga umeingia hadi kwenye kucha."

"Angewahishwa hospitali?"

"Angekuwa na nafasi nzuri tu ya kupona." Kabla hajakata simu daktari akaongeza, "Weka barafu shavuni."

Mkuu wa mradi, ambaye kila mtu alimwita Profesa, alimpokea Inspekta mlangoni akiwa na nguo za jana. Alikuwa mama mrefu, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na alianza kusema kabla ya kuulizwa.

"Utaambiwa na wengine, heri nikwambie mimi. Juzi niligombana na marehemu mbele ya watu wote. Yeye alitaka Kobe atue bondeni, akasema udongo wa bondeni ndio wenye habari. Mimi nikasema bondeni kuna mawe, tutamvunja mguu siku ya kwanza. Nikamwita mpumbavu. Naye akaniita bibi harusi mwoga."

"Wakati wa zoezi ulikuwa wapi?"

"Chumba cha amri. Na wenzangu wote. Mlango ukishafungwa hatoki mtu, hata chooni tunakwenda kabla."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilikuwa na wafadhili, ofisini kwangu. Waulize. Watakuchosha, lakini waulize."

Inspekta alimwamini, maana mwenye kuficha kitu huwa hajitambulishi kwa matusi yake mwenyewe. Alimwomba amfungulie ukumbi.

Mchanga ulikuwa mwekundu, umetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Upande wa kushoto walikuwa wamejenga mteremko wa kokoto za kijivu. Mawe yalitapakaa huku na huku, mengine ya kimo cha ndoo, mengine madogo kama kikombe. Kobe alikuwa amesimama mwisho kabisa, mkono wake ungali shimoni, vilevile alivyoachwa. Karibu na mlango mchanga ulikuwa umevurugwa na viatu vya waokoaji, hausomeki tena.

Inspekta alitembea pembeni ya ukuta, akafuata alama za magurudumu kwa macho. Zilianzia mbali na mlango, zikaja moja kwa moja, zikafika chini ya mteremko zikapinda kwa tao kubwa. Kisha zikanyooka. Kisha, karibu na pale palipovurugwa, zikapinda tena kwa tao jingine kubwa, ndipo zikaelekea alikosimama Kobe.

"Hapa chini ya mteremko alikuwa anakwepa nini?"

"Jiwe, bila shaka."

"Liko wapi?"

Profesa alivaa miwani. Ndani ya lile tao kulikuwa na mchanga mtupu. Alifungua ramani kwenye kompyuta yake ndogo, akaikuza, akaipunguza, akaikuza tena.

"Hata kwenye ramani ya mwisho hapa hapana kitu," alisema. "Dereva hakwepi hewa. Kwa yule kila sentimita ina sababu."

"Na huu mburuzo?" Kutoka chini ya mteremko, mfuo mpana usio na kina ulipita mchangani, ukaenda hadi ulipomezwa na nyayo za waokoaji.

"Askari wako walisema jana ni alama ya machela."

"Machela hubebwa. Na maiti ilikuwa mlangoni. Machela yangefuata nini huku?"

Inspekta alichukua ile kompyuta, akatazama ramani. Mawe yote yalikuwa na majina: Babu, Mjomba, Shangazi, Binamu Mnene, Mama Mkwe.

"Ni desturi yetu," Profesa alisema, akaona haya kidogo. "Jiwe lolote tunalolizunguka lazima lipewe jina kwanza, kila mtu chumbani alijue, ndipo Dereva apitishe njia. Namba zinachanganya watu. Ukisema pita kushoto kwa Mjomba hakuna anayekosea. Mama Mkwe ni lile kubwa, kwa sababu hakuna anayethubutu kulikaribia."

"Hili hapa karibu na mlango halina jina."

Profesa aliinama akatazama. Duara lilikuwepo, tupu, katikati ya lile tao la pili.

"Hilo halijawahi kutokea," alisema.

"Ramani nani anaigusa zaidi ya Mchora Ramani?"

"Hakuna. Lakini yule, maskini, ana msiba. Marehemu alikuwa shemeji yake, amemwoa dada yake. Ndiye aliyemtafutia kazi hapa. Nilimwambia abaki nyumbani, nikamkuta mezani kwake asubuhi."

"Mwite."

Mchora Ramani alikuwa mwembamba, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri na kufungwa vifungo vyote hadi shingoni.

"Pole na msiba," Inspekta alisema.

"Tumeshapoa."

"Hukubaki nyumbani?"

"Nyumbani kumejaa watu, kila mmoja anauliza ilikuwaje. Hapa hakuna anayeuliza." Alimtazama Inspekta. "Kumbe yupo."

"Dada yako anaendeleaje?"

"Anawapikia wageni chai. Hajalia."

"Haya, nitembeze. Nijulishe kwa ndugu zako."

Walipita pembeni mwa alama, Profesa akabaki mlangoni. Mchora Ramani alinyoosha kidole bila kuchelewa: huyu Babu, ana ufa kama mvi. Huyu Mjomba. Yule Binamu Mnene, alibatizwa na Dereva. Alitaja kila mmoja bila kosa, na kwa dakika chache alionekana mtu anayependa kazi yake. Wakafika kwenye tao la pili.

"Na huyu?"

"Hilo halikupewa jina."

"Kwa nini?"

"Tulikuwa tumechelewa."

"Mlipata nafasi ya kunywa chai, Dereva ameniambia. Nionyeshe jiwe lenyewe. Nataka nilishike tu."

Mchora Ramani alitazama mchanga uliokanyagwakanyagwa. "Labda waokoaji walilisogeza."

"Inawezekana." Inspekta alipangusa mate kwenye kona ya mdomo. "Na lile la kule chini ya mteremko? Dereva alilizunguka nalo. Waokoaji hawakufika kule, hakuna unyayo hata mmoja. Kwenye ramani yako ya mwisho halipo, na mchangani halipo. Kwa hiyo nisaidie hapa. Yalikuwa mawe mawili, au lilikuwa moja?"

Mchora Ramani alivuta suruali yake magotini, akakaa mchangani na ile suruali safi.

"Moja," alisema.

Inspekta alisubiri. Kwa muda mrefu kazini alikuwa amejifunza kwamba neno la kwanza likishatoka, mengine hayahitaji kuvutwa.

"Nilivijua viatu. Picha ilikuwa mbovu, ya kijivu, lakini vile viatu nilimnunulia mimi."

"Ulijua ameumia?"

"Alikuwa kifudifudi chini ya mteremko. Atakuwa aliteleza juu kule akiweka mitego yake, akaangukia kisogo, akajigeuza. Nilijua hajalala usingizi."

"Kupiga kelele tu kungetosha."

"Kungetosha." Alifikiri. "Asubuhi hiyo dada alinipigia simu. Alikuwa anaongea kwa upande mmoja wa mdomo. Kama wewe leo. Alisema ni mlango wa kabati. Mwezi uliopita ilikuwa ngazi. Sasa nikamwona mume wake pale kwenye picha, nikasema, acha alale kidogo, naye aonje. Kidogo tu. Nikachora jiwe."

"Dereva hakuuliza?"

"Aliuliza tuliite nani. Nikasema hilo liache. Nikamwambia aliachie nafasi mara mbili ya kawaida, asije akamkanyaga." Aliinua uso. "Sikutaka akanyagwe."

Alilisema hilo kama mtu anayetarajia kuhesabiwa wema. Inspekta hakumhesabia.

"Picha ya pili?"

"Alikuwa amesogea, anaelekea mlangoni. Njia mpya ya Kobe ingempitia mgongoni. Nikalisogeza jiwe kwenye ramani."

"Hapo pia hukupiga kelele."

"Hapo ningesemaje? Ningesema nimemwona sasa hivi? Wangeuliza jiwe la kwanza limekwenda wapi. Nikasema amebakiza kidogo, atafika mlangoni mwenyewe, atafungua, atatoka."

"Na ya tatu?"

Mchora Ramani alichota mchanga, ukampitia vidoleni.

"Ya tatu halikusogea." Baadaye akaongeza, "Kobe akachimba. Udongo ukatoka na chumvi, kama tulivyotarajia. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga."

Profesa alikuwa amesogea karibu bila wao kumsikia. Alisema kwa sauti ndogo kwamba picha za chumba cha amri hufutwa zoezi likiisha, lakini Kobe hafuti picha zake mpaka apewe amri, na amri hiyo haijatolewa.

"Najua," Mchora Ramani alisema. "Nilikuja asubuhi kwa kazi hiyo. Nikawasha kompyuta, nikakaa tu."

Walizitoa picha tatu kwenye tumbo la Kobe, wakazitazama wote watatu kwenye kioo kimoja. Ya kwanza ilikuwa na kivuli chini ya mteremko, na kweli, mtu asiyejua angesema ni jiwe. Ya pili ilikuwa na kivuli hichohicho karibu na mlango, na mkono mmoja umenyooshwa mbele. Hiyo hakuna ambaye angesema ni jiwe. Ya tatu ilikuwa sawa na ya pili, mkono palepale. Inspekta aliitazama muda mrefu. Alijua kwamba hapa alitakiwa ahisi hasira, au huruma, angalau kimojawapo, akatafuta na hakupata. Aliomba nakala, akamwambia Mchora Ramani ainuke ajipanguse mchanga.

"Dada yangu nani atamwambia?"

"Mimi."

"Mwambie taratibu."

"Nitamwambia ilivyokuwa," Inspekta alisema.

Kituoni Mkubwa aliuliza maelezo yenye sahihi yako wapi. Inspekta aliweka picha tatu mezani, akamwacha azitazame, akaenda mahabusu. Askari wa zamu alikuwa ameshaleta viatu na mkanda wa Dereva kwenye sinia la plastiki, na mama yake ameruhusiwa kuingia. Inspekta aliwaeleza yote akiwa amesimama, tangu mteremko hadi picha ya tatu, kwa maneno machache kadiri alivyoweza.

Mama alikumbatia mfuko wa nguo. "Mungu mkubwa! Umesikia, mwanangu? Hukufanya kitu. Vaa viatu twende nyumbani."

Dereva hakuvigusa viatu.

"Kwa hiyo sikumgusa."

"Hukumgusa."

"Nilimpita mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Akiwa hai?"

Inspekta angeweza kusema kwamba daktari hana uhakika. Uongo huo ulikuwa tayari na usingemgharimu kitu. Lakini mwanamke huyu alikuja mwenyewe kujishtaki bila kuitwa, na Inspekta akaona si haki kumdanganya.

"Mara zote mbili."

Dereva aliitikia kwa kichwa, polepole, kama anayepokea maelekezo ya njia.

"Ramani ya pili iliponifikia nilikasirika," alisema. "Ilibidi nipange mwendo wote upya. Nikamwambia, kaka, mbona jiwe lako halitulii leo? Watu wakavunjika mbavu. Hata Profesa, asiyejua ni jiwe lipi, alicheka mpaka akavua miwani."

"Basi, mwanangu," mama alisema.

"Ule ukuta wetu ni wa mbao tu, mama. Kila kitu kinapita." Alimgeukia Inspekta. "Atakuwa alitusikia tunavyocheka."

Mama alipiga magoti sakafuni, akamvalisha binti yake kiatu cha kulia, kisha cha kushoto, akafunga kamba. Dereva alimwachia miguu, lakini hakuinuka.